Alifanya, Hufanya, Atafanya: Namna ya Kumpima Mvamizi wa Mpira wa Kimarekani

Uteuzi wa wachezaji si jambo geni kwa msomaji wa Goma. Mwaka 2021, Jonathan Kuminga, aliyezaliwa katika mji huu, alichaguliwa wa 7 na Golden State Warriors katika ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani. Makala haya yanahusu uteuzi wa mchezo mwingine, mpira wa Kimarekani, yakiwa na swali la kiisimu: mtu anayesema "kijana huyu atafaulu" amelitoa wapi hilo -ta-?

Kwanza mchezo wenyewe. Timu inayoshambulia ina mrushaji, ambaye hupokea mpira na kutafuta mwenzake wa kumrushia. Mbele yake husimama wazuiaji watano wenye miili mikubwa. Mvamizi ni mchezaji wa upande wa pili ambaye kazi yake kuu ni kuwapita wazuiaji hao na kumwangusha mrushaji kabla mpira haujamtoka mkononi. Ana sekunde mbili au tatu tu. Kila mwaka timu 32 za ligi kuu, NFL, huchagua kwa zamu vijana kutoka vyuo vikuu, katika raundi saba. Kosa la kuchagua ni ghali, kwa hiyo wapimaji huandika ripoti ndefu juu ya kila kijana.

Tumchukue mvamizi mwenye asili ya eneo letu la Maziwa Makuu, Mathias Kiwanuka. Alizaliwa Indianapolis mwaka 1983, naye ni mjukuu wa Benedicto Kiwanuka, waziri mkuu wa kwanza wa Uganda, aliyeuawa chini ya utawala wa Idi Amin mwaka 1972.

Ngazi ya kwanza ya ripoti ni ya -li-. Katika Boston College, Kiwanuka aliwaangusha warushaji mara 37 na nusu, rekodi ya chuo hicho. (Nusu hupatikana wachezaji wawili wanapoangusha pamoja.) Hesabu hii ni ya kweli, lakini inaficha mengi. Haisemi kama mzuiaji aliyepitwa alikuwa hodari au dhaifu, wala kama mrushaji alichelewa mwenyewe kuutoa mpira. Ndiyo maana mpimaji makini hutazama picha za video, mchezo kwa mchezo.

Anachotafuta humo ni ngazi ya pili, hali ya mazoea. Kiswahili sanifu husema "hucheza". Sisi hapa Goma tunasema "anachezaka". Mbinu ya kwanza ikizuiwa, huwa na ya pili? Hutumia mikono, au hutegemea mbio tu? Dakika za mwisho, akiwa amechoka, bado humfukuza mwenye mpira? Tendo moja halijibu maswali haya. Tarehe 26 Novemba 2006, katika msimu wake wa kwanza wa kulipwa, Kiwanuka alikuwa amekwisha kumkamata Vince Young, mrushaji wa Tennessee Titans, kisha akamwachia akidhani mpira umeshatoka. Young akakimbia, na Titans, waliokuwa nyuma 21-0, wakashinda 24-21. Aliyeona tendo hilo peke yake angeandika "huachia". Lakini "aliachia" ya siku moja haiwi "huachia" mpaka irudiwe.

Ngazi ya tatu ni ya -weza. Kila mwaka vijana hukusanywa, kwa kawaida Indianapolis, wakapimwa urefu, uzito, nguvu, na mbio za yadi 40, yaani karibu mita 37. Vipimo hivi huonyesha kile ambacho mwili unaweza, havionyeshi kile ambacho mchezaji hufanya. Daniel Adongo wa Kenya ni ushahidi. Alikuwa mchezaji wa raga. Indianapolis Colts walimsajili mwaka 2013, nje ya uteuzi, ili awe mvamizi, ingawa hakuwahi kuucheza mchezo huo. Mwili ulikuwepo, mazoea hayakuwepo. Alicheza michezo michache tu, na mwaka 2015 safari yake ikaisha.

Ngazi ya nne husahaulika sana: -nge- ya masharti. Mwaka 2006 New York Giants walimchagua Kiwanuka wa 32, wa mwisho katika raundi ya kwanza. Lakini tayari walikuwa na wavamizi wakubwa, Michael Strahan na Osi Umenyiora. Mwaka 2007 wakamhamishia safu ya pili ya ulinzi, kazi tofauti, na Novemba akavunjika mguu. Mwaka 2008 Strahan alistaafu, Umenyiora akaumia goti. Kiwanuka alirudi mstari wa mbele na akaangusha mara 8, idadi yake ya juu kabisa kwa msimu mmoja wa kulipwa. Kijana ni yuleyule; nafasi ndiyo iliyobadilika.

Alicheza misimu tisa, akatwaa ubingwa uwanjani Februari 2012, na jumla yake ikafika 38 na nusu. Yaani alichokifanya chuoni kwa misimu minne kilimchukua zaidi ya mara mbili ya muda huo katika ligi kuu. Walioruka kutoka -li- hadi -ta- moja kwa moja walitarajia zaidi. Waliopitia hu-, -weza na -nge- hawakushangaa.

Jambo hili halihusu Marekani peke yake. Mzazi wa Ndosho anaweza kuambiwa na mgeni mwenye futi ya kupimia: "Mtoto wako atacheza ng'ambo." Kabla ya kutia saini au kutoa hata faranga moja, amrudishe mgeni huyo kwenye vitenzi. Umeona alifanya nini? Anafanyaka nini kila siku? Na huko mnakompeleka, ni nani tayari amesimama kwenye nafasi yake?