Hamu ya Chumvi

Mtoto atokapo shuleni alasiri, ulimi wake hutamani kitu chenye chumvi. Hamu hiyo si kosa, maana mwili hauwezi kuishi pasipo chumvi. Lakini chumvi ikizidi, huyavuta maji mengi yaingie katika damu. Nao moyo husukuma kwa taabu, hata baada ya miaka mishipa huharibika. Mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai.

Basi, tufanyeje? Mbegu za maboga zisitupwe. Zioshwe, zianikwe juani, kisha zikaangwe pasipo mafuta. Zingali moto, zinyunyizwe matone ya ndimu na chembe chache za chumvi. Chumvi iliyo juu huonjwa upesi na ulimi, na uchachu wa ndimu huikuza ladha yake. Hivyo kidogo hutosha, na moyo hautaabiki.