Kiebrania kwenye kompyuta ya steshenari

"Shikamoo mwalimu, mbona maandishi yangu yanakimbia?" Aliyeniuliza ni mwanafunzi wa theolojia aliyekuja likizo nyumbani Nshamba. Alikuwa amechapa steshenari kazi yake ya Agano la Kale, yenye aya za Kiebrania. Namba ya aya, aliyoanza nayo yeye mwenyewe, ilikuwa imekwenda kukaa mwisho wa mstari, na nukta ya kufungia imerukia mwanzoni. Alihangaika kuzihamisha kwa mkono siku nzima. Iliniuma, maana dawa ilikuwa kwenye kompyuta ileile.

Kosa lake ni la wengi: alibonyeza kitufe cha kusogeza maandishi kulia akadhani amemaliza. Kusogeza si kugeuza. Kompyuta hutunza herufi kwa mfuatano unaozisoma, kisha programu huzipanga kwenye kioo. Aya ikiwa bado inatoka kushoto kwenda kulia kama ya Kiswahili, si kulia kwenda kushoto kama ya Kiebrania, maneno ya Kiebrania yatajipanga vizuri, lakini namba na nukta zitafuata mwelekeo wa aya.

Kwenye Windows, ingia sehemu ya mipangilio ya lugha, ongeza Kiebrania. Alt ya kushoto na Shift hubadilisha kibodi. Ndani ya Word, bonyeza Ctrl na Shift za upande wa kulia: aya nzima inageuka. Za kushoto huirudisha.

Msomaji wa Zaburi 119 anazijua herufi 22 za Kiebrania, kwa kuwa kila fungu la aya nane lina herufi yake. Kuandika shalom, bonyeza A, K, U, O. Hiyo O ni memu ya mwisho wa neno. Herufi tano zina umbo la mwishoni, na kila umbo lina kitufe chake. Usingoje kompyuta ilibadilishe yenyewe kama inavyofanya kwa Kiarabu. Hatua za kuongeza kibodi na kugeuza aya, mwalimu wa madrasa anayeandika Kiarabu atazifuata vilevile.

Kompyuta ya watu wengi ina adabu yake. Ukiondoka bila kurudisha kibodi, anayekuja kuandika barua ya kuomba kazi atabonyeza A na kupata shini, au nywila yake itakataliwa asijue sababu. Afadhali mwenye duka afungue akaunti ya pembeni, kwa sababu kibodi unayoongeza hukaa kwenye akaunti yako tu.

Tumia fonti za Yunikodi kama SBL Hebrew au Ezra SIL, zote za bure kwa matumizi yasiyo ya biashara. Fonti za zamani zilivisha herufi za Kilatini sura ya Kiebrania. Ukifungua faili kwingine unakuta vurugu. Ukipeleka kazi kuchapwa, ihifadhi kwa PDF.

Wenye steshenari wa Nshamba, Muleba na Bukoba, ongezeni kibodi hii leo. Imo ndani ya Windows mliyo nayo, wala hailipiwi.