Je, Maradhi ya Kusahau Hurithiwa?

Mzee anapouliza jambo lile lile mara nne kabla ya adhuhuri, aghalabu husemwa kwamba ni uzee tu. Akipotea njia ya kurudi katika nyumba aliyoijenga mwenyewe, wapo wanaonong'ona kuwa amerogwa. Watoto wake nao hubaki na hofu wasiyoitamka: je, nasi yatatufika? Ndugu wasomaji, juma hili tumekusudia kulijibu swali hilo la watoto.

Mnamo 1906, daktari wa Kijerumani Alois Alzheimer alieleza aliyoyaona katika ubongo wa mwanamke aliyefariki baada ya kupoteza kumbukumbu. Palikuwa na mabonge baina ya seli, na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli zenyewe. Leo inajulikana kuwa mabonge yale ni ya protini iitwayo amiloidi, na nyuzi zile ni za protini iitwayo tau. Amiloidi huanza kujikusanya miaka 15 au zaidi kabla ya dalili kudhihiri. Kwa hiyo, maradhi tunayoyaona kwa mzee wa miaka 75 huenda yalianza kimyakimya alipokuwa bado na nguvu za kazi. Katika miaka hiyo hiyo, shinikizo la damu na kisukari huiharibu mishipa midogo inayoulisha ubongo.

Je, urithi una sehemu? Ndiyo. Ipo jeni iitwayo APOE, ambayo kila mtu hupokea nakala moja kwa baba na moja kwa mama. Aina yake ya nne huongeza hatari ya maradhi ya Alzheimer.

Lakini tutazame Ibadan, Nigeria. Kuanzia 1992, watafiti waliwalinganisha wazee wa Kiyoruba wa mji huo na Wamarekani weusi wa Indianapolis, wote wenye miaka 65 na kuendelea. Matokeo yaliyochapishwa 2001 yalionyesha kwamba Indianapolis, katika kila wazee 100, takriban 2.5 walipata maradhi ya Alzheimer kila mwaka. Ibadan ni 1.15 tu. Aina ile ya nne ya APOE ipo kwa Wayoruba pia, ila haikuonekana kuwaletea hatari kama iliyoonekana kwa wengine. Shinikizo la damu na kisukari navyo vilikuwa vichache kwao. Utafiti huo peke yake hautoshi kuthibitisha sababu, ila unatuonyesha kuwa jeni haifanyi kazi peke yake. Maisha ya mtu yana uzito wake.

Mwaka 2024, jopo la wataalamu la jarida la tiba la Lancet lilitaja mambo 14 yanayoweza kurekebishwa, na kukadiria kuwa takriban asilimia 45 ya maradhi haya duniani yangeweza kuzuilika au kucheleweshwa. Miongoni mwayo ni shinikizo la damu, kisukari, lehemu mbaya, unene, sigara, kutoushughulisha mwili, elimu haba utotoni, upweke, na uziwi au uoni hafifu usiotibiwa. Mzee asiyesikia hujitenga na mazungumzo, na ubongo usiozungumzishwa hudhoofu.

Basi aliyefikisha miaka 40 apime presha yake na sukari, hata kama hajisikii vibaya, na aliyeandikiwa dawa asiziache kwa kuwa amepata nafuu. Mzee apelekwe kupimwa masikio na macho, na aketi na watu.

Aliyekwisha kuanza kusahau naye apelekwe hospitali mapema. Upungufu wa vitamini B12, hitilafu ya tezi ya shingo, huzuni kubwa, hata baadhi ya dawa, huweza kuleta usahaulifu unaotibika. Anayeambiwa ni uzee tu, au ni uchawi, hukosa tiba hiyo ilhali ipo.