Mtoto wa dei kea hajaanza kuongea? Anza na masikio

Ametimiza miaka 2. Wenzake wanaomba "maji", yeye anavuta tu gauni la dada wa kituo. "Wa kiume huchelewa, ataongea tu," watu husema, na miezi inakwenda.

Umri huo, watoto wengi huunganisha maneno mawili: "mama njoo". Asipofanya hivyo, apelekwe kliniki na masikio yapimwe mapema. Anayesikia kwa shida huonekana mkaidi, kumbe hajasikia alichoitiwa.

Kituoni, dada ainame usawa wa macho yake, ataje kitu anachokionyesha, kisha asubiri. Kusubiri ndiyo kazi, hasa ukiwa na watoto 15.

Jioni mzazi aambiwe pembeni, si getini mbele za watu: "Leo ameonyesha kikombe, hakukitaja." Maelezo kama hayo humsaidia daktari.