Kabla ya Mche, Tuyatazame Maji

Masika yakaribiapo, nyumba nyingi za mwambao wetu huingiwa na hamu ya kupanda. Mche huchaguliwa kwa uzuri wa majani au utamu wa tunda, na maadamu mvua ingali yanyesha, kila kitu hustawi. Kisha huja Kaskazi. Kuanzia Disemba hadi Machi mvua huwa haba, mfereji hukatika, na mama wa nyumba hubaki na swali zito: mtungi huu wa lita 20 ulioletwa kwa mkokoteni ni wa kupikia, au ni wa mndimu? Bustani ya nyumbani, basi, haianzi kwa mche. Huanzia kwa maji.

La kwanza, tuyajue maji yetu. Visima vingi vilivyo karibu na bahari vina maji ya chumvi, na chumvi hiyo huzidi wakati wa kiangazi. Tuchote kidogo katika sahani, tuyaache yakauke juani. Yakiacha ukoko mweupe, tumepata jibu. Mnazi na mtende huyastahimili maji hayo, na mkunazi pia. Mkomamanga huyavumilia kwa kiasi. Lakini mndimu, mchungwa, mgomba na maharagwe hudhoofika upesi, ncha za majani zikiungua. Mwenye kisima cha chumvi asiununue mndimu ila awe na maji matamu ya kuutunza.

La pili, tuyahesabu maji tunayoyamwaga. Nyumba ya watu watano wanaotawadha mara tano kwa siku, kila mmoja akitumia lita mbili, hutumia lita 50. Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja tu, nasi tungependa kumfuata, hata hivyo kile kinachotumika kisipotee. Kwa madhehebu ya Shafi, maji yaliyokwisha kutawadhiwa ni tohara, ingawa hayafai kutawadhia tena. Beseni chini ya mfereji latosha kuyakusanya. Katika joto la Kaskazi, mita moja ya mraba ya mboga huhitaji takriban lita tano au sita kwa siku. Lita zile 50, basi, zatosha tuta la mita nane za mraba: mchicha, mnavu, kotimiri, na mrehani pembeni.

La tatu ni mvua. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja ya maji. Paa la mabati la mita 80 za mraba, mvua ikinyesha milimita 20, hupokea lita 1,600. Mwenye pesa za vyombo, na aanze na mfereji wa paa na tangi lenye kifuniko, kabla ya mpira mrefu wa kumwagilia. Kifuniko ni lazima, mbu wasizaliane humo.

Kwa mti mchanga, tuzike kando yake mtungi wa udongo usiopakwa rangi, mdomo ubaki juu, tuujaze na kuufunika. Maji huvuja polepole hadi mizizini. Ardhi yetu ya mawe ya matumbawe hunywa maji haraka. Tuchanganye samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, kisha tufunike udongo kwa makumbi ya nazi. Tumwagilie alfajiri au baada ya Alasiri, jua likipungua.

Kwenye kitalu, tusidanganywe na urefu. Mche mfupi wenye shina nene ni bora kuliko mrefu uliozungusha mizizi ndani ya mfuko. Mwembe na mwarobaini huwa miti mikubwa. Tuipande mbali na ukuta, kisima na shimo la choo. Mwenye ua mdogo asivunjike moyo: asumini na mrehani hukubali debe lililotobolewa chini.

Miti ipandwe mwanzo wa masika, mizizi ipate miezi ya kushika kabla ya Kaskazi. Mtume (s.a.w.) ametufunza kwamba alichopanda Muislamu, kikaliwa na mtu, mnyama au ndege, ni sadaka kwake. Mti mmoja unaoishi hadi kuzaa ni bora kuliko kumi itakayokauka Februari. Mwenyezi Mungu atujaalie.