Je, Wajua? Petroli ya Malawi Ina Miwa Ndani Yake

Malawi ilianza kuchanganya petroli na ethanoli mwaka 1982. Ethanoli hiyo hutengenezwa kwa molasi ya miwa, na ilianza kutengenezwa huko Dwangwa, kando ya Ziwa Malawi. Ni uamuzi wa busara kwa nchi isiyopakana na bahari.

Lakini gari kuukuu linalotoka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka kwenda Lilongwe, kilomita 40 na ushee, linahitaji uangalizi. Ethanoli huvuta unyevu, hung'oa uchafu ulioganda tangini miaka mingi, na kuchakaza mipira ya zamani. Uchafu huo huishia kwenye chujio la mafuta na kuliziba. Ukienda taratibu, gari halilalamiki. Ukikanyaga mafuta kupanda mlima au kulipita lori, linasita, kwa kuwa injini haipati petroli ya kutosha.

Kabla ya kufungua kabureta, badilisha chujio: ndiyo kazi nyepesi kuliko zote. Gari bado linasita? Kagua plagi na waya zake, kisha mipira ya hewa iliyopasuka. Chujio jipya likiziba upesi, shida iko tangini. Mwambie fundi ashushe tangi na kulisafisha.