Wembe wa Kukunja: Anayenunua kwa Mara ya Kwanza Atazame Nini



Wembe si jambo ambalo chama hulitia katika orodha ya madai. Lakini katika mikutano yetu ya Kamembe na Bugarama, tukiisha kumaliza habari za mishahara na saa za ziada, hakosi ndugu mmoja kubaki nyuma akauliza: wembe wa kukunja, ule wa vinyozi wa zamani, ninunue upi? Tumeona heri tujibu hapa kwa wote.

Sababu ya swali anaijua kila afanyaye kazi penye vumbi la saruji. Barakoa ya kubana uso yafaa pale tu ukingo wake unapogusa ngozi. Ndevu za siku mbili zikipita chini ya ukingo ule, vumbi nalo hupita papo hapo likaingia kifuani, hata barakoa iwe ya bei gani. Basi mwenye ndevu hulazimika kunyoa karibu kila siku. Na sisi wenye ndevu za kujikunja, tukinyoa kila siku kwa nyembe za plastiki zenye makali mawili au matatu yaliyopangwa pamoja, shingo hujaa vipele. Makali ya kwanza huvuta unywele, ya pili huukata chini ya ngozi, nao ukiota hujikunja na kuingia tena nyamani. Wembe wenye makali mamoja tu, ukinyolea kufuata nywele zilivyolala, hupunguza adha hiyo. Haiishi kabisa, anayekuahidi kwamba itakwisha anataka kuuza.

Wengine husema: nitakwenda kwa kinyozi. Vema, ikiwa kinyozi huyo anafungua wembe mpya mbele ya macho yako. Ikiwa wembe mmoja unapita videvu kumi, mkatalie bila haya. Virusi vya UKIMWI tumehubiriwa mpaka tumechoka, lakini homa ya ini ya aina B inasahauliwa, nayo virusi vyake huweza kukaa hai nje ya mwili siku 7 au zaidi, katika tone la damu ambalo jicho halilioni. Hapa Rwanda watoto wachanga walianza kupewa chanjo ya ugonjwa huu mwaka 2002. Sisi watu wazima tuliozaliwa kabla ya hapo hatukuipata utotoni, kwa hiyo yafaa kila mmoja aulize kituo cha afya kilicho karibu naye.

Kabla ya kutoa shauri, tukiri kosa letu. Wembe wetu wa kwanza tuliununua mnadani, katika soko ambalo hatutalitaja. Ulikuwa ukimeta, mpini mweusi, na ubapani umeandikwa Solingen. Muuzaji alikata nao karatasi mbele yetu, tukatoa fedha. Nyumbani ulivuta ndevu kama koleo. Tukafanya ujinga wa pili: tukauchukua kwenye kinoo cha panga. Kinoo kile ni kizuri kwa panga na mundu wa mpunga, lakini makali ya wembe ni membamba kuliko unywele, na baada ya dakika tano yalikuwa na mapengo kama meno ya mtoto. Fedha ile ilikuwa ya mafuta ya taa na ya madaftari. Mama watoto hakusema neno, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Tumejifunza tangu hapo. Solingen ni mji wa Ujerumani unaofua visu na nyembe tangu zamani, na mwaka 1938 Ujerumani ilitunga sheria kwamba jina hilo lisigongwe ila juu ya vitu vilivyotengenezwa huko. Sifa kama hiyo wanayo Sheffield wa Uingereza na Thiers wa Ufaransa. Lakini sheria ya Ujerumani haimfikii mtu anayegonga mihuri ya uongo mahali pengine, kwa hiyo jina peke yake lisikutoe fedha mfukoni. Na kukata karatasi si jaribio. Kisu cha jikoni hukata karatasi.

Jambo la kwanza, jua kwamba ziko namna mbili. Iko ya kale, ambayo chuma chake hunolewa maisha yote. Na iko ile yenye umbo lilo hilo, lakini makali yake ni kipande cha wembe wa kawaida wa dukani, uliovunjwa katikati ungali ndani ya karatasi yake, ukachomekwa. Wembe mmoja wa dukani hutoa vipande viwili. Twasema wazi, ingawa wapenzi wa vitu vya kale watatukasirikia: anayeanza, mwenye mshahara wa kiwanda au wa kuchuma chai, na aanze na hiyo ya pili. Haitaki kinoo wala mkanda wa ngozi, na kipande kikichoka hutupwa. Mkono hujifunza kazi ile ile. Ubaya wake ni kwamba kipande kipya ni kikali sana wala hakisamehe, hivyo mkono uwe mwepesi.

Baada ya miezi kadhaa, ukiona kazi hii inakupendeza, nunua ile ya kale. Hapo tazama haya. Upana wa ubapa usiwe mkubwa wala mdogo: mafundi huupima kwa inchi iliyogawanywa mara nane, na sehemu 5 kati ya hizo, yaani kama milimita 16, ndizo zinazomfaa anayeanza. Mpana zaidi ni mzito na hausogei vizuri chini ya pua. Mwembamba zaidi hutikisika mkononi. Ncha iwe ya mviringo. Ncha ya pembe kali huwafaa vinyozi wanaochora mstari wa sharubu. Mgeni atajitoboa nayo sikio siku ya kwanza. Ubapa uwe umechimbwa kiasi pande zote mbili, usiwe mnene kama kabari.

Juu ya chuma watu hubishana sana. Chuma cha kawaida cha kaboni hunoleka upesi, lakini hushika kutu, na sisi twakaa kati ya ziwa Kivu na mvua za Nyungwe. Kisichoshika kutu huchelewa kunoleka, lakini ukikisahau juu ya dirisha usiku mmoja utakikuta salama. Mwenye kusahau achague hicho.

Ukiuziwa uliotumika, omba kipande cha kioo. Ulaze wembe ubapa, mgongo na makali vyote viguse kioo kuanzia mwanzo hadi ncha. Ukiyumba kama meza ya mguu mfupi, umepinda, uache. Kutu ya juu ya mgongo si neno, lakini madoa meusi yaliyochimba karibu na makali hayafutiki, na ufa hata mdogo kama unywele haufungwi. Ufunge uone kama makali yanaingia katikati ya mpini bila kugusa upande wowote. Mwisho, uliza: umenolewa tayari kwa kunyoa? Nyembe nyingi mpya hutoka kiwandani zikiwa nusu kali, na muuzaji hatakuambia. Kama haujanolewa, hesabu gharama ya kuunoa ndani ya bei.

Kuunoa kwataka mawe laini, kuanzia namba 1000 hadi 8000 au zaidi, kwa maji, mgongo na makali yakilala pamoja juu ya jiwe. Huko Ubelgiji, katika milima ya Ardennes, huchimbwa jiwe la manjano linalosifiwa na wanyozi wa dunia nzima. Wabelgiji walitutawala hadi 1962, lakini mawe hayo hatukuyaona. Tuliona mawe ya barabara. Jiwe si la kila wiki, huenda mara moja kwa miezi kadhaa. La kila siku ni mkanda wa ngozi: kabla ya kunyoa, pitisha wembe mara thelathini hivi, mgongo ukitangulia na makali yakifuata nyuma. Ukikosea ukatanguliza makali, utaukata mkanda, na makali yataharibika pia.

Siku za kwanza usinyoe uso mzima. Nyoa mashavu mawili tu, malizia kidevu na shingo kwa wembe wako wa zamani. Osha uso kwa maji ya moto, paka povu zito la sabuni, vuta ngozi kidogo kwa mkono mwingine, na uulaze wembe karibu na ngozi, mgongo uinuke kiasi cha theluthi moja ya pembe mraba. Usiupeleke kamwe upande-upande kama unayekata mkate. Kidevu ndicho kigumu. Kingoje hadi wiki ya tatu.

Wenzetu wa saruji wanyoe jioni, si alfajiri kabla ya zamu. Vumbi la saruji likikutana na jasho huwa kali kama chokaa, na jeraha bichi la wembe huchomeka. Usiku mmoja watosha ngozi ipumzike, na ndevu za usiku mmoja bado ni fupi. Ukiona hata hizo zinaizuia barakoa kukaa vizuri, mwambie msimamizi akupatie ya namna nyingine. Hilo ni haki yako, wala si upendeleo.

Wembe huo usiwanyolee watoto vichwa, wala kumwazima shemeji aliyekuja harusini. Ukimaliza, usuuze, ufute ukauke kabisa, ule wa kaboni uupake tone la mafuta, uuweke juu ambapo mtoto hafiki.

Kuhusu mawe, bei yake ni kubwa kwa mtu mmoja, na hayaliwi upesi. Tawi lenye watu kumi wanaotumia wembe wa kale laweza kuchanga likanunua jozi moja, ikakaa kwa mweka hazina. Atakayeleta wembe wake kunoa auoshe kwanza kwa sabuni na spiriti, na awe ameandika jina lake kwenye mpini.